Huna Maneno Mengi? Bado Unaweza Kuwa Mbunifu

Wapo wauzaji wanachukua mzigo soko la Memorial pale Moshi, wanajua kuchagua nguo kuliko wengi wetu, lakini akaunti zimelala. Ukiwauliza: "Mimi mpole bwana, siwezi kwenda laivu. Ubunifu ni wa wenye maneno." Wengine wanafunga biashara kwa sababu hiyo tu. Inauma.

Uchangamfu na ubunifu ni vitu viwili tofauti, ndugu yangu. Watafiti wa tabia hugawa hulka ya mtu katika mafungu makubwa 5. Linaloshikana zaidi na ubunifu ni lile la udadisi: kupenda mambo mapya, kujiuliza "hivi, tukifanya vingine je?" Robert McCrae wa Marekani aliandika kuhusu hilo mwaka 1987. Na udadisi hauna shida kukaa kwa mtu mkimya.

Chukua Reginald Mengi, mtoto wa Machame. Kabla ya ITV na Radio One alikuwa mhasibu, kazi ambayo mtaani inaonekana ni hesabu kavu. Miaka ya 80 bidhaa ziliadimika nchini, hata kalamu ya kuandikia. Wengi waliona shida, wakalalamika (walikuwa na haki). Mengi aliona kalamu ni vipande vichache tu, akavitafuta, akaanza kuviunganisha nyumbani kwake. Hakuvumbua kalamu. Alibuni njia ya kuipata wakati haipatikani. Kwangu mimi hilo ndilo jicho la mhasibu: kitu hiki kimeundwa na nini, na kinakwama wapi?

Kama wewe ni mchangamfu, nenda laivu, ila andika mawazo yako kwenye daftari. Watu wa moto huanza kumi wakamaliza moja.

Mpole, silaha yako ni kusikiliza. Tuseme unauza ndizi mshale kutoka mlimani, mteja wa Dar anauliza, "Hizi zinapikwaje?" Usimjibu inboksi ukaishia hapo. Hiyo ndiyo posti ya kesho: picha ya ndizi, picha ya sufuria, maelezo mistari minne. Sura yako wala haihitajiki.

Jumapili jioni ukishatulia, fungua WhatsApp, pitia maswali ya wiki nzima. Lile lililojirudia zaidi, anza nalo.