Mafuriko Yamepita, Sumu Imebaki



Huko Kilembe, wilaya ya Kasese, Uganda, shaba ilichimbwa kuanzia 1956 hadi 1982. Mchanga uliobaki baada ya kusaga mawe uliachwa kandokando ya Mto Nyamwamba. Mto ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, uliuzoa mchanga huo na kuumwaga bondeni, kwenye makazi na mashamba. Ndani yake mna shaba na kobalti.

Maji yakikauka, ardhi huonekana nzuri. Lakini macho hayapimi sumu. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba msingi au kupanda muhogo, tudai mambo matatu. Kwanza, wazee wa mgodi waulizwe taka zilimwagwa wapi. Pili, udongo wa juu na wa chini uchukuliwe sehemu nyingi, upimwe maabara pamoja na maji ya visima. Tatu, ramani ibandikwe hadharani: hapa pajengwe, hapa pafunikwe kwa udongo safi, hapa pasilimwe chakula.

Mshika jembe ndiye anayevuta vumbi la kwanza. Asipelekwe kazini bila buti, glavu na majibu ya vipimo. Tujenge upya, lakini tusijenge juu ya sumu.