Bati Lisilo Bati: Neno la Pwani katika Istilahi za Kemia

Kwa mazoea ya Bagamoyo, bati ni kipande cha kuezekea. Kikemia, kipande hicho ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni elementi nyingine. Likiungana na kaboni huweza kuunda haidridi ya tributili-bati, kitendanishi kinachoondoa halojeni katika molekuli na kutia haidrojeni mahali pake. Kampaundi za jamii hiyo zilitiwa katika rangi za kukinga meli dhidi ya viumbe wa baharini, kazi ambayo mafundi wa majahazi waliifanya kwa deheni, yaani chokaa na shahamu. Kwa sumu yake, rangi hizo zilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008. Istilahi hiyo ni sahihi kimuundo, lakini anayewaza paa haioni hatari. Fasili yake, basi, ianze na elementi.