Simba wa Filamu na Simba wa Kitengela

Mimi si mtaalamu wa filamu, ni mtazamaji tu. The Ghost and the Darkness (1996) inahusu simba waliowala wajenzi wa reli Tsavo mwaka 1898. Inatisha kweli! Lakini ilirekodiwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya shingoni, ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo.

Kwa maoni yangu, inashindwa na video fupi ya 2013 ambamo Richard Turere, kijana wa hapa kwetu Kitengela, anaeleza taa zake. Zinawaka kwa zamu, simba anadhani mtu anazunguka zizi na tochi.

Nyanya yangu alishapoteza mbuzi wawili. Nilimtafsiria video hiyo. Akaniuliza, "Na wewe unangoja nini?"