Kiwanja cha Katikati

Mji wa Singida unapanuka kwa kumega mashamba. Ukielekea Mandewa, Misuna, Unyankindi au Mwankoko unakuta nyumba za bati jipya zimesimama palipokuwa na alizeti na mtama, nyingine bado zina mabua nyuma ya jiko. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637 katika mkoa mzima. Ile ya 2022 ikahesabu 2,008,058. Wengi wao wako vijijini, lakini pembezoni mwa manispaa ndiko unakoliona ongezeko hilo kwa macho. Na wanaohamia huko wana orodha ya madai inayofanana: maji ya bomba, umeme, gari la taka, taa za barabarani, kituo cha polisi. Madai hayo ni ya haki. Ila ipo huduma moja inayotangulia zote na ambayo mwananchi haihesabu kuwa huduma, kwa sababu haina bomba wala nguzo, nayo ni ardhi iliyoachwa wazi kati ya kiwanja na kiwanja. Pasipo barabara ya mtaa hakuna huduma nyingine itakayofika kwa gharama ambayo mkazi wa kawaida anaimudu, na barabara hiyo hupatikana kwa urahisi mara moja tu, kabla msingi wa kwanza haujachimbwa.

Tuanze na umeme, maana bei zake ziko wazi. Mwaka 2022 TANESCO iliporejesha gharama za kuunganisha wateja wa mijini, mteja wa njia moja aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo alitakiwa kulipa shilingi 320,960. Anayehitaji nguzo moja ya ziada alitakiwa kulipa 515,618, na anayehitaji mbili 696,670. Tofauti kati ya wa kwanza na wa tatu ni zaidi ya shilingi 375,000, na mara nyingi haitokani na utajiri wa mmoja au ujanja wa mwingine. Inatokana na mchoro wa ardhi. Penye barabara iliyonyooka nguzo hupangwa kando yake, na karibu kila nyumba huangukia ndani ya zile mita 30. Penye vichochoro vinavyopinda kufuata mipaka ya mashamba ya zamani, waya haupiti juu ya paa la jirani, basi huzungushwa, na kila kona inataka nguzo yake.

Maji taka ni mazito zaidi, na Singida ina sababu zake za kuyaogopa. Huu ni mji wa mawe ya matale. Miamba inayopendwa na wapiga picha inaendelea chini ya udongo, na sehemu nyingi mchimba choo hukutana nayo mapema. Shimo linakuwa fupi, na shimo fupi hujaa upesi. Shambani mtu alikuwa akifukia na kuchimba jingine mita chache pembeni. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, chenye nyumba, jiko la nje, banda la kuku na pengine kisima cha mvua, mchezo huo hauwezi kurudiwa mara nyingi. Kinachobaki ni gari la kunyonya majitaka, na mpira wa gari hilo una kikomo. Lisipofika karibu na ukuta, halina msaada. Wakati huohuo mji huu hauna mto mkubwa wa kutegemea. Maziwa yake mawili, Singidani na Kindai, ni ya chumvi, na Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira, SUWASA, inategemea maji ya ardhini, yakiwamo ya visima vya Mwankoko na Irao. Mji unaokunywa maji ya chini ya miguu yake hauwezi kuacha maelfu ya vyoo bila njia ya kuvinyonya.

Nafahamu jibu la mwenye shamba: barabara inakula ardhi, na ardhi ndiyo mali pekee niliyoachiwa na wazee. Basi tupime. Ekari moja, zile hatua 70 kwa 70, ina karibu mita za mraba 4,047. Ikiwa mraba, kila upande ni mita 63 na kitu. Mwuzaji anayetaka kuuza kila hatua ataigawa safu tatu za viwanja vitatu, vyote tisa vya takriban mita 21 kwa 21. Sasa tazama kiwanja cha katikati. Kimezungukwa na vingine vinane. Aliyekinunua hana pa kutokea ila kwa hisani ya jirani, na hisani hiyo huisha siku jirani anapojenga ukuta. Hata wale wanane wanategemea kwamba wenye mashamba ya pembeni wataacha njia. Chukua ekari hiyohiyo, pitisha barabara ya mita 8 katikati, kisha gawa viwanja vinne kila upande. Unapata viwanja vinane vya mita 16 kwa 28 hivi, ukubwa ule ule, na vyote vinatazama barabara. Mwuzaji amepoteza kiwanja kimoja tu, nacho ni kile kile ambacho hakifikiki. Sioni hasara hapo. Naona mtu aliyeuza viwanja vinane vizuri badala ya tisa vyenye ugomvi, na mnunuzi yeyote anayejua anachonunua atalipa zaidi kwa kiwanja ambacho lori la tofali linakifikia.

Hesabu hiyo ina tundu moja, na ndilo linalohalalisha kanuni. Barabara ya ekari moja ikigonga ukuta wa jirani haiendi popote. Mwenye shamba mwema hawezi kutengeneza mtaa peke yake. Ndiyo maana Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka ardhi ya mji ipangwe kwa mchoro unaounganisha mashamba ya watu wengi kabla ya kuuzwa vipande, na ndiyo maana halmashauri inadai kibali cha ujenzi. Watu wengi wanakiona kibali kuwa njia ya kukusanya ada. Kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha nyumba haisimami juu ya njia ambayo mtaa mzima utaihitaji.

Gharama ya kuchelewa tumeshaiona kando ya barabara kuu, ile inayotoka Dodoma kupitia Singida kuelekea Mwanza na ile inayoelekea Babati na Arusha. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 45 hadi 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Kuta za nyumba zikapakwa alama ya X: nyekundu kwa aliyeingia ndani ya hifadhi ya zamani, kijani kwa aliyekutwa na nyongeza mpya. Wa kijani anastahili fidia eneo lake linapotwaliwa. Wa nyekundu hana. Familia imeishi miaka kadhaa ikitazama rangi hiyo ukutani, haijui ipige lipu au isubiri. Hayo ni maumivu ya kweli, na sitaki kuyatumia kama kitisho. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba kanuni ileile isiyomgharimu mtu kitu ikija kabla ya nyumba, inaweza kumvunja ikija baadaye. Ndivyo ilivyo pia na mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu kutoka ukingo wa ziwa. Anayeuziwa kiwanja cha bei nafuu karibu na Kindai au Singidani apime umbali huo kwanza, kabla ya kutoa fedha.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote halihusu ardhi. Linahusu uaminifu. Mkazi anasema: mpimaji hakuja miaka yote, afisa ardhi anatokea nikishamaliza linta, na kodi ya majengo nakatwa kila mwezi kwenye LUKU hata kama mtaa wangu hauna mchoro. Ni kweli. Tangu 2021 kodi hiyo inakatwa mtu anaponunua umeme, na tangu 2023 mwenye nyumba ya kawaida analipa shilingi 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka, awe amepimiwa au hajapimiwa. Wazee wanakumbuka pia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali ilipopanga nyumba kwa mstari na kuwahamisha watu kwa nguvu. Anayewalaumu wananchi peke yao kwa ujenzi holela hajatazama upande wa pili: halmashauri isiyopima huacha uwanja kwa dalali, na dalali hapimi barabara. Mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, ambao serikali ilizikopesha halmashauri fedha bila riba kuutekeleza, ulikubali jambo hilo waziwazi. Lakini kukubali kwamba ofisi imechelewa hakumpi mtu njia ya kupitisha jeneza au mgonjwa. Njia hiyo inapatikana pale wakazi wanapokubaliana wenyewe, kisha wanaibana ofisi iithibitishe.

Kwa makubaliano hayo chombo kipo tayari. Kila mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, kamati yake, mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri, na mkutano wa wakazi. Mkutano huo hutumika zaidi kutangaza michango na zamu za ulinzi. Ungefaa pia kwa kazi ya kukaa na wenye mashamba ambayo bado hayajagawanywa, kutembea mpakani pamoja nao, kukubaliana barabara zipite wapi na eneo la shule libaki wapi, kuandika muhtasari wenye saini, na kuupeleka kwa afisa mipango miji uingizwe kwenye mchoro rasmi. Ambaye ana kiwanja kimoja kidogo na nyumba ndani yake asibebeshwe mzigo sawa na mwenye ekari kumi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na majirani watakaonufaika na njia hiyo wanaweza kuchangia.

Upande wa manispaa naona jambo moja lisilohitaji bajeti kubwa. Michoro ya mipango miji iliyokwisha kuidhinishwa hukaa ofisi ya ardhi mjini, na mtu anayenunua kiwanja Jumapili jioni mbele ya mashahidi wawili haioni. Ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya mtaa, kwa maandishi makubwa, barabara zikiwa zimepakwa rangi na maeneo ya wazi yakiwa na majina yake kwa Kiswahili. Mwenyekiti anayeombwa kushuhudia mauziano amwonyeshe mnunuzi hapohapo kidole kikiwa juu ya karatasi: hapa ni kiwanja, hapa ni njia. Mnunuzi akikuta fedha yake inakwenda kwenye njia, atafunga pochi, na shamba linalofuata litagawanywa tofauti.