Ukialikwa mgahawa wa kifahari, soma bei kwanza

Na Mwandishi Wetu

Mwenye mchele wa Mbeya unaopita Namanga, au dagaa wa Mwanza wanaovukia Mutukula, siku hizi hamalizi biashara sokoni. Mnunuzi mkubwa atamwambia, "Tuonane jioni tule," na mahali panapotajwa pana vitambaa vyeupe mezani na mhudumu anayekuvutia kiti. Wengi huhofia visu na uma, ilhali bili ndiyo ya kuhofiwa zaidi.

Tuanze na kodi. Kenya VAT ni asilimia 16, na mikahawa hutozwa pia tozo ya utalii ya asilimia 2. Uganda na Rwanda VAT ni asilimia 18. Ipo mikahawa inayoandika bei ikiwa na kodi ndani. Mingine huweka maandishi madogo chini ya menyu kwamba kodi na huduma bado. Sahani ya Sh100,000 mjini Kampala, ikiongezwa kodi hiyo na asilimia 10 ya huduma, inakaribia Sh130,000. Mkiwa wanne, ongezeko peke yake limepita bei ya sahani moja.

Kambakoche na kaa mara nyingi hawaandikiwi bei, kwa kuwa huuzwa kwa uzito. Uliza: huyu ana kilo ngapi, na ni shilingi ngapi? Anayepima magunia kila siku hana sababu ya kuona haya mbele ya mizani. Maji nayo yanalipiwa, yawe na gesi au yasiwe nayo. Na kwa Waislamu, msiulize nyama tu. Ulizeni na mchuzi, maana upishi wa Kifaransa hutia mvinyo humo.

Chakula huja kwa zamu. Wafaransa waliuchukua utaratibu huo kwa Warusi karne ya 19. Kabla ya hapo hata matajiri wa Paris waliwekewa vyombo vingi mezani kwa pamoja, karibu na sinia letu la pilau. Vifaa vya nje hutumika kwanza, na ukimaliza vilaze sambamba juu ya sahani. Ukikosea, hakuna atakayekunyima oda kwa hilo.

Zamu hizo huchukua saa mbili au zaidi, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yalipo. Mwenyeji mkarimu husubiri sahani ya mwisho ndipo aombe mzigo kwa mali kauli, alipe baada ya siku 60. Ukishashiba kwa fedha yake, kukataa ni kuzito. Jibu la heshima lipo: "Ahsante kwa chakula, ndugu yangu. Hilo la malipo tuliandike kesho ofisini." Mnunuzi wa kweli hatakasirika.

Kwa desturi aliyealika ndiye anayelipa. Ukialika wewe, chagua mchana, kwani mikahawa mingi ya aina hii huwa na menyu ya mchana ya bei moja iliyo nafuu kuliko ya usiku. Usitegemee laini ya simu ya nyumbani kulipia ng'ambo. Beba kadi au fedha za nchi hiyo. Tanzania, tangu Machi 2025, kanuni zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, hivyo ukiletewa bili ya dola una haki ya kudai iandikwe kwa shilingi. Kisha omba risiti ya kielektroniki, uiweke pamoja na karatasi za mzigo.