Ngozi ya Ndege na Adui Zake

Jembe lililoachwa mvuani huliwa na kutu. Kila mkulima wa Shinyanga ajua hayo. Lakini ndege ituayo Mwadui au Mwanza haikuvikwa chuma. Ngozi yake kwa kawaida ni alumini, ndugu wa sufuria zetu. Je, nayo yaweza kuliwa? Naam.

Alumini safi ikiguswa na hewa hujivika utando mwembamba sana, nao huilinda. Ila ni laini. Hivyo mafundi huichanganya na shaba kidogo ipate nguvu. Mchanganyiko huo huliwa upesi zaidi, hasa penye chumvi. Kwa sababu hiyo bati la ndege mara nyingi hufunikwa kwa alumini safi, kisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya mwisho. Jua huipausha rangi hiyo, vumbi huikwaruza, na ndege iendayo Unguja hukutana na hewa ya bahari.

Tarehe 28 Aprili 1988, katika visiwa vya Hawaii, ndege ya abiria ilibanduka paa ikiwa angani, na mhudumu mmoja akafa. Gundi ya viungo ilikuwa imeachia, unyevu wa chumvi ukaingia, na nyufa zikaanza penye ribiti, mahali pasipoonekana upesi.

Basi fundi mwema huosha ndege kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni isiyo kali, huzibua vitundu vya kutolea maji, huchungua viungo, na hupaka rangi kila penye mkwaruzo. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko angani hakuna nafasi ya kujenga.