Anunnaki na dhahabu ya Afrika: Stori ya kitabu cha mwaka 1976 ina ukweli gani?

Ukiandika neno "Anunnaki" YouTube au TikTok, video zinamiminika, hata za Kiswahili. Nyingi zinasimulia jambo moja: zamani za kale viumbe kutoka sayari nyingine walitua Afrika kutafuta dhahabu, wakachoka kuchimba, wakaamua kumtengeneza binadamu ili awachimbie.

Kwa mkazi wa Kahama, mji unaozungukwa na Bulyanhulu, Buzwagi na maduara ya wachimbaji wadogo, stori hii haiko mbali. Inagusa kazi inayolisha nyumba nyingi.

Je, imetoka wapi? Na kwa nini ni muhimu kujua kama ni historia au ni riwaya?

Stori inasemaje?

Chanzo chake ni kitabu The 12th Planet cha Zecharia Sitchin, kilichotoka Marekani mwaka 1976. Sitchin alizaliwa Baku mwaka 1920, akasoma uchumi London na baadaye akaishi New York. Alifariki mwaka 2010. Maandishi ya kale ya Mesopotamia, yaani Iraq ya leo, alijifunza kuyasoma mwenyewe.

Anadai kuna sayari inaitwa Nibiru, inayolizunguka jua mara moja kila miaka 3,600. Wakazi wake, Anunnaki, walikuja duniani zaidi ya miaka 400,000 iliyopita. Hewa ya sayari yao ilikuwa inaharibika, na walihitaji vumbi la dhahabu kuiokoa.

Machimbo yao anayaweka kusini mwa Afrika. Vibarua walipogoma, wakubwa wakachanganya mbegu zao na za kiumbe waliyemkuta duniani. Akapatikana binadamu, mtumwa wa mgodini.

Sitchin hakuwa wa kwanza kwenye biashara hii. Mwaka 1968 Erich von Däniken wa Uswisi alitoa kitabu kilichodai kwamba wageni kutoka angani ndio walioabudiwa kama miungu na watu wa kale. Kiliuzwa kwa mamilioni.

Riwaya ni kitu kingine kabisa

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Vitabu vya viumbe wa sayari nyingine viko vya aina mbili.

Aina ya kwanza ni riwaya za kisayansi. Hizi zinakwambia tangu mlangoni kwamba zimebuniwa. Mwingereza H.G. Wells alipoandika The War of the Worlds mwaka 1898, kuhusu viumbe wa Mars kuivamia Uingereza, hakudai kwamba aliwaona.

Afrika Mashariki nayo ina za kwake. Mwaka 1995 pekee vilitoka vitabu viwili vya kukumbukwa.

Kimoja ni Walenisi, riwaya ya Kiswahili ya Katama Mkangi, msomi wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo kwa kurushwa ndani ya chombo cha angani. Anafanikiwa kukiendesha, anatua kwenye nchi yenye haki na usawa. Ukilikata jina la nchi hiyo unapata "wale ni sisi".

Kingine ni Chaga cha Ian McDonald wa Ireland ya Kaskazini. Kitu kutoka angani kinaangukia Mlima Kilimanjaro, kisha mimea ya ajabu inaanza kusambaa mita 50 kila siku na kumeza mashamba na vijiji.

Hakuna msomaji anayekwenda Moshi kuitafuta mimea hiyo. Anasoma, anafurahi, anabaki na maswali: nani anatawala, nani anahamishwa, nani anafaidika.

Vitabu vya "mimi niliona"

Aina ya pili ni vile vinavyosema "haya yametokea kweli". Vilishika kasi baada ya Juni 24, 1947, pale rubani Kenneth Arnold wa Marekani aliporipoti kuona vitu tisa vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier. Magazeti yakaviita visahani vinavyoruka. Leo wengi wanasema UFO.

Kilimanjaro imo pia kwenye vitabu hivi. Februari 1951, rubani na abiria wa ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa waliripoti kuona kitu king'aacho, chenye umbo kama la risasi, juu ya mlima huo.

Hakuna sababu ya kuwaita waongo. Lakini kutoka "tuliona kitu hatukukijua" hadi "ni wageni kutoka sayari nyingine" kuna safari ndefu. Vitabu vingi vya aina hii huiruka.

Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 za namna hii hadi mwaka 1969. Zilizobaki bila maelezo ni 701. Kubaki bila maelezo hakumaanishi kwamba wageni wamethibitishwa.

Mfano wa karibu ni wa Desemba 30, 2024. Pete kubwa ya chuma, yenye uzito wa karibu kilo 500, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Kilitoka angani kweli, lakini kilitengenezwa na watu.

Kitabu cha Sitchin kiko kwenye aina hii ya pili. Hakiuzwi kama riwaya, kinauzwa kama historia. Kwa hiyo lazima kipimwe kama historia.

Wataalamu wanasemaje?

Maandishi anayoyategemea Sitchin yapo kweli. Moja ni shairi la kale linaloitwa Atrahasis. Ndani yake miungu wadogo wanafanyishwa kazi ngumu, wanagoma, kisha binadamu anaumbwa kwa udongo ili abebe mzigo wao.

Tatizo ni kazi yenyewe. Wataalamu wa lugha hizo wanasema miungu hao walikuwa wanachimba mito na mifereji. Dhahabu haimo. Ni shairi la watu wa kilimo cha umwagiliaji.

Nibiru nayo imo kwenye maandishi ya Babeli, ila kama jina linalohusishwa na mungu Marduk na nyota zinazoonekana angani. Wanaastronomia hawajaona sayari ya namna anayoisema. Uvumi kwamba Nibiru ingeigonga dunia Desemba 2012 uliposambaa, NASA ilijibu kwamba sayari hiyo haipo. Desemba ikapita salama.

Muulize mchimbaji

Kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji profesa. Mchimbaji yeyote anajua kwamba ukichimba unaacha alama. Duara linabaki, vifusi vinabaki, marudio yanabaki.

Mgodi wa Buzwagi ulifanya kazi kuanzia 2009 hadi 2021. Ni miaka 12 tu, na shimo lake linaonekana kwenye picha za satelaiti. Watu wa kuchimba kwa miaka laki kadhaa wangeacha mashimo mangapi? Vifusi vyao viko wapi?

Watetezi wa stori hii hupenda kutaja mgodi wa Ngwenya, Eswatini, ulioanza kuchimbwa zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Ni kweli ni wa kale sana. Lakini kilichotafutwa pale enzi hizo ni udongo mwekundu wa rangi, na waliochimba ni binadamu.

Kwa nini stori inanoga huku?

Ukiiangalia vizuri, ina sura inayofahamika. Mgeni anatoka mbali, anajua thamani ya kilichomo ardhini, mwenyeji anachimba, mali inaondoka.

Mwaka 2017 nchi nzima ilibishana kuhusu makontena ya makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam. Mwaka 2020 serikali na Barrick walisaini makubaliano yaliyohusu kampuni ya Twiga Minerals, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Swali la nani anaondoka na dhahabu linaulizwa mpaka vijiweni.

Kwa hiyo stori ya Anunnaki inagusa swali la kweli, ila inatoa jibu ambalo halimsaidii mtu. Ukishasema binadamu aliumbwa kuwa mtumwa wa mgodini, hakuna tena cha kudai. Mikataba, mishahara na usalama wa duara vinageuka kuwa majaliwa.

Inachomnyang'anya Mwafrika

Kuna hasara nyingine. Vitabu vya namna hii vikikuta kazi kubwa ya kale Afrika, huwapa sifa wageni wa angani.

Mfano ni maelfu ya maboma ya mawe ya Mpumalanga, Afrika Kusini. Michael Tellinger, anayefuata nyayo za Sitchin, anayahusisha na Anunnaki. Wanaakiolojia wanasema yalijengwa na wakulima na wafugaji wa Bokoni katika karne chache zilizopita.

Dhahabu nayo ina historia yenye wenyewe. Mapungubwe, kusini mwa Afrika, mafundi walitengeneza kifaru kidogo cha dhahabu karibu miaka 800 iliyopita. Dhahabu ya bara la kusini ilipita Sofala na kuitajirisha Kilwa, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331.

Kagera, si mbali na Kahama, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 jinsi watu wa huko walivyoyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hawakufundishwa na mtu wa Nibiru.

Hatari iko wapi?

Wapo watakaosema ni burudani tu. Lakini Kanda ya Ziwa inajua gharama ya kuamini kwamba dhahabu inashikwa na nguvu zisizoonekana. Imani kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta utajiri, ikiwemo dhahabu, imesababisha mauaji tangu miaka ya 2000. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa ramli. Hata hivyo, mwaka 2024 mtoto mwenye ualbino aliuawa mkoani Kagera.

Kitabu cha Sitchin hakimtumi mtu kuua. Ila mtu aliyezoea kumeza kila anachosimuliwa kuhusu siri ya dhahabu ni rahisi kumezeshwa na mwingine, awe tapeli wa jiwe bandia au mganga mwenye masharti.

Kabla hujasambaza, jiulize

Je, mwenye stori anasema amebuni, au anadai ni kweli? Kama anadai ni kweli, ushahidi wake unaweza kukaguliwa na mtu mwingine?

Je, wanaoijua lugha au kazi hiyo wanakubaliana naye? Kwa maandishi ya kale muulize msomi wa maandishi hayo, kwa machimbo muulize mchimbaji au mjiolojia.

Je, stori inamwondolea nani sifa au haki yake?

Na je, mwisho wake unakutaka utoe hela?

Kuna kweli moja ya kushangaza

Dhahabu ya Kahama na Geita ina asili ya angani kweli. Agosti 17, 2017 wanasayansi walinasa mtikisiko wa nyota mbili nzito sana zilizogongana umbali wa miaka ya mwanga milioni 130 hivi. Mwanga uliofuata ulionyesha kwamba migongano ya namna hiyo hutengeneza metali nzito, dhahabu ikiwemo.

Metali hiyo ilikuwa kwenye vumbi lililounda dunia. Baadaye maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa za miamba, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, yaliikusanya kwenye mikanda ambayo leo inachimbwa Bulyanhulu na Geita.

Hakuna aliyekuja kuifuata kabla ya binadamu. Waliochimba tangu mwanzo ni watu, na wanaodai haki yao leo ni watu.